Uso Mpya wa Dada Lựu

Dada Lựu alirudi kutoka mjini Nha Trang uso umejaa magamba madogo meusi, kama mtu aliyerushiwa ukoko wa wali. Alishuka kwenye pikipiki ya bintiye Thục, amejifunga kitambaa mpaka chini ya macho. Mumewe Kỉnh, ambaye ni kaka wa marehemu mume wangu, alikuwa amekaa dukani kwangu akinywa chai. Kitambaa kilipofunguliwa, aliweka kikombe chini.

"Wamekuchoma?"

"Wamenichoma kwa mwanga," Dada Lựu akasema. "Doa moja baada ya jingine. Na sikulia hata kidogo. Muulize Thục."

"Alilia," Thục akasema.

Tulicheka wote watatu, mimi na wale wanawake. Kỉnh hakucheka. Alimsogelea mkewe, akamtazama chini ya jicho la kushoto, pale palipokuwa na doa kubwa kama punje ya choroko. Hapo palikuwa na gamba jeusi kuliko yote.

"Hata hili?"

"Hilo ndilo la kwanza kabisa, Baba Thục. Nimelichukia miaka ishirini na tano."

Hapa Hòn Khói sisi wanawake tunabeba chumvi kwa mizegazega, vikapu viwili kwenye mti wa begani, na wanaume wanaikusanya kwa reki za mbao. Mtu ajifunge vitambaa anavyotaka, jua linapata pa kuingilia. Linaanza na mikono, linakuja kwenye panja, linamalizia mashavuni. Madoa yake ya kahawia tunayaita ng'amba, maana yanafanana na gamba la kasa wa jina hilo. Mzee akiwa nayo tunasema ameishi. Lakini Dada Lựu aliyapata kabla hajawa mzee. Alipokuwa na miaka arobaini na moja, kijana mmoja alimpisha kiti kwenye basi, akamwambia, "Kaa, bibi." Hadithi hiyo aliwahi kunisimulia huku akikata vitunguu, na sikujua kama machozi yale yalikuwa ya vitunguu.

Thục anafanya kazi ya ushonaji mjini. Ndiye aliyempeleka mama yake kwa daktari wa ngozi, zawadi ya Tết, mwaka wetu mpya, miezi miwili kabla ya Tết yenyewe ili uso upate muda wa kupona. Daktari alimpa chupa nyeupe ya krimu ya kuzuia jua. Apake asubuhi, apake tena kila baada ya saa mbili, miezi mitatu asikose. "Ukikosa," Thục akamkumbusha pale dukani, "yanarudi, na yanarudi meusi zaidi. Umesikia, mama?"

"Nimesikia. Mimi si mtoto."

Siku ya tisa magamba yalidondoka. Nakumbuka kwa sababu alikuja mbio kunionyesha, na mikono ina unga wa mchele. Uso ulikuwa kama yai lililomenywa. Makunyanzi yalikuwepo, miaka sitini na mitatu haiondoki kwa mwanga, lakini ule weusi wa mabaka uliokuwa umemfunika ulikuwa umekwenda, na chini yake kulikuwa na mwanamke ambaye sikuwahi kukutana naye. Mimi niliolewa huku nikiwa na miaka thelathini, nikamkuta tayari ana ng'amba zake. Nikamwambia, "Dada, kumbe ulikuwa mzuri hivi?" Akanipiga kofi la begani, unga ukabaki kwenye blauzi yangu.

Asubuhi ile ile walikwenda sokoni pamoja, yeye na Kỉnh. Kulikuwa na mwanamke mgeni, mke mpya wa mtu wa kijiji cha pili, akioka vikate vya unga wa mchele kwenye vyungu vidogo. Aliwaangalia wakikaribia, akamsogezea Kỉnh kigoda.

"Mkalishe mzee, dada," akamwambia Dada Lựu. "Unampeleka baba hospitali?"

Wanawake wote wa soko walisikia. Muuza samaki aliangua kicheko mpaka akashika meza. "Baba yake!" akapiga kelele. "Kỉnh, umepata binti uzeeni!" Dada Lựu naye alicheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa nguo. Kỉnh alikula vikate vyake vyote bila kuinua kichwa. Wakati wa kuondoka alitembea mbele, mbali, kama mtu ambaye hakuja na mtu.

Nadhani ndiyo siku wivu wa Kỉnh ulipoanza. Yeye mwenyewe aliniambia ulianza pale pale dukani, alipoona lile gamba chini ya jicho. Madoa ya mkewe aliyajua kama mtu anavyojua mashimo ya barabara ya kwao. Aliyaona yakija, moja baada ya jingine, na yake mwenyewe yakija pamoja nayo, kwenye majaruba yale yale ya chumvi. Sasa yeye amebaki nayo peke yake. Akijitazama mikono anaona mzee. Akimtazama mkewe anaona mwanamke anayekwenda mahali.

Na kweli alikuwa na mahali pa kwenda. Dada Lựu alikuwa amejiunga na kikundi cha bài chòi, ule mchezo wetu wa karata ambao mtu mmoja husimama katikati akaimba jina la kila karata, na watu waliokaa vibandani wanasubiri kusikia kama yao imetoka. Yeye ndiye angeimba siku ya tatu ya Tết. Tangu utotoni alitaka, baba yake akamkataza, halafu ikaja ndoa, ikaja chumvi. Mazoezi yalikuwa saa nane mchana kwenye ukumbi wa kijiji, na mpiga zeze alikuwa Mwalimu Hoài.

Huyu Hoài alifundisha muziki mjini miaka mingi, mkewe akafa, akarudi kuishi kwenye nyumba ya wazazi wake. Mikono yake ni laini, myeupe, haina doa hata moja. Mwanamume wa miaka sitini na nane asiye na ng'amba mikononi, hapa kwetu, anatazamwa. Tena alikuwa na mwavuli. Mwavuli mkubwa, wa bluu.

Mchana mmoja Kỉnh alijificha nyuma ya ukuta wa ukumbi. Aliwaona wakitoka. Dada Lựu alikuwa na kofia yake ya majani mkononi, hakuivaa, kwa sababu Hoài alikuwa amemfunika kwa ule mwavuli, na walitembea taratibu mpaka barabarani, wakizungumza. Kisha Hoài akaita, "Lựu, kesho usisahau ubeti wa pili!" Lựu tu. Bila dada, bila mama fulani. Jina tupu, kama anavyoitwa msichana.

Jioni ile nilikuwa nimewapelekea samaki, nikawakuta wanagombana. Sikuondoka, sitasema uongo.

"Uso huo umemtengenezea nani?" Kỉnh alikuwa akiuliza.

"Nimejitengenezea."

"Mtu hauoni uso wake mwenyewe. Wanauona wengine."

"Ninacho kioo, Baba Thục."

"Zamani hukuwa na haja ya kioo."

"Zamani nilikiogopa."

"Na mwavuli? Mwavuli nao umeutengeneza mwenyewe?"

Dada Lựu akanigeukia. "Unamsikia shemeji yako? Ana wivu na mwavuli!" Akacheka, kwa upendo kabisa, akamshika shavu mumewe. Kỉnh akautoa mkono ule. Mimi nikaona anautoa kwa adabu, polepole, kama mtu anayeondoa kitu cha mgeni kilichomwangukia. Nikaogopa kidogo.

Siku mbili baadaye alikuja dukani. "Nipe losheni nyeupe, shemeji."

"Ya nini?"

"Visigino vyangu vimepasuka."

Nilimwekea chupa nne mezani. Alizifungua zote, akamimina tone tone kwenye kiganja akizipima kwa kidole, ipi nzito, ipi nyepesi. Nikamtania, "Na wewe unataka kuwa kijana, eh?" Alichukua ile ya nazi, ndiyo iliyokuwa nyeupe kuliko zote.

Nilimuuzia mimi, kwa mikono yangu. Haya mengine aliniambia baadaye. Mkewe alipokwenda mazoezini, alichukua chupa ya daktari, akaimwaga krimu yote nyuma ya choo, akaisafisha kwa maji, akaikausha, akaijaza losheni ya nazi mpaka pale pale krimu ilipokuwa imefika. Nyingine ilimwagika chini, akaifuta kwa mguu. Harufu haikumpa shida. Tangu ule mwaka wa korona Dada Lựu hanusi kitu, hata samaki akiungua jikoni anaambiwa na moshi. Kỉnh alilijua hilo. Yeye ndiye aliyekuwa akimnusia maziwa kama yamechacha.

"Sikutaka apate ubaya," aliniambia. "Nilitaka tu arudi."

Basi Dada Lựu akaendelea kupaka, asubuhi, na kila baada ya saa mbili, kwa saa ya ukutani, bila kukosa. Kwa vile alijua amepaka, aliacha kuogopa jua. Alikwenda mazoezini bila kitambaa. Mwaka ule mvua ziliisha mapema, majaruba yakaanza kutoa chumvi kabla ya Tết, na wabebaji walikuwa wachache. Kỉnh mgongo ulimshika. Hakumwambia mtu, lakini mkewe aliona jinsi anavyoinuka kitandani.

Asubuhi moja Kỉnh akamkuta mkewe yuko majaruba, mzegazega begani, uso wazi, anameremeta.

"Umefuata nini huku?" Kỉnh akamuuliza.

"Nimekufuata wewe. Sukuma hiyo chumvi, nibebe."

"Daktari alisema usikae juani."

"Nimepaka dawa. Nimepaka mara mbili! Acha maneno."

Alikaa mpaka saa nne. Mnajua jua la saa nne juu ya chumvi lilivyo: linapiga kutoka juu na kutoka chini. Mimi nilikuwa jaruba la pili, nilimwona Kỉnh amesimama na reki yake, akimtazama mkewe akipita na vikapu, akienda na kurudi, na mara nyingine alifungua mdomo. Nilidhani anapumua. Ilipofika saa tatu aliita, "Mama Thục, jifunge uso!" Dada Lựu akajibu bila kusimama, "Unaona wivu na jua pia?" Wabebaji wakacheka. Kỉnh akainamia reki.

Alikuja asubuhi tatu mfululizo, mpaka mgongo wa mumewe ukapoa.

Madoa yalirudi kabla wiki mbili hazijaisha. Kwanza kivuli kwenye mashavu, akadhani ni uchovu. Halafu vivuli vikashikamana. Hayakuwa madoa tena, yalikuwa mabaka mapana, meusi kama chai iliyokaa, pande zote mbili za pua, na pale chini ya jicho la kushoto pakawa peusi zaidi ya zamani. Dada Lựu alipunguza kuja dukani. Akija, anasimama mlangoni, mgongo kwenye mwanga. Alizidisha kupaka. Nilimwona akipaka kama mtu anayepaka ukuta chokaa.

Thục alikuja siku sita kabla ya Tết, na maua na majani ya kufungia wali wa kunata. Alimwona mama yake akaacha vitu vyote chini.

"Mama! Umeacha dawa!"

"Sijaacha hata siku moja."

"Haiwezekani. Iko wapi?"

Tulikuwa wote uani, mimi nikichambua majani ya mgomba, Kỉnh akipasua kuni. Dada Lựu akaileta chupa. Thục akaibonyeza mkononi, akaipaka, akasimama. Akanusa. Akanusa tena.

"Hii inanukia nazi."

Mimi nikainua kichwa. Nilikuwa nimeuza losheni ile miaka mitatu, harufu yake ningeitambua hata usingizini. Nikamtazama Kỉnh. Shoka lilikuwa limesimama kwenye gogo, hakulichomoa. Nilitaka kusema na nilitaka kunyamaza, na bado nilikuwa sijachagua aliposema mwenyewe.

"Ni mimi."

Thục hakuelewa. "Ni wewe nini, baba?"

"Nilimwaga ile ya daktari. Nikaweka ya dukani kwa shemeji. Shemeji hakujua."

Thục alianza kupiga kelele, maneno ambayo binti hamwambii baba yake, na baba hakujitetea. Lakini Dada Lựu aliinua mkono, binti akanyamaza. Akamgeukia mumewe.

"Siku zile nilizokuja majaruba kukusaidia," akasema, "ulijua?"

"Nilijua."

"Nilipokuwa nabeba?"

"Nilijua, Mama Thục."

Dada Lựu aliingia ndani akatoka na mkeka wake, nguo mbili na daftari lake la nyimbo, akanishika mkono kama vile mimi ndiye niliyekuwa naondoka, tukaenda kwangu.

Tết ile aliifanyia kwangu. Kijiji kizima kilijua, na kila aliyekuja kutoa heri ya mwaka alichungulia ndani. Mwalimu Hoài naye alikuja, na mwavuli wake, wakafanya mazoezi kwenye kibaraza changu. Niliwatazama kwa makini, kwa sababu nilitaka kujua. Sikuona kitu cha aibu. Nilichoona ni kwamba Hoài akizungumza, Dada Lựu alisikiliza mpaka mwisho, na yeye akizungumza, Hoài alifanya vivyo hivyo. Sikuwahi kuona mume na mke wakifanya hivyo mtaani kwetu, hata mimi na marehemu wangu. Kỉnh hakuwa mjinga. Kulikuwa na kitu cha kuonea wivu, ila hakikuwa kile alichokidhani.

Nilimuuliza, "Dada, hasa ulitaka nini na uso ule? Poda ya jukwaani ingefunika kila kitu."

"Nilijua ingefunika," akasema. "Nimekuwa bibi tangu nina miaka arobaini na moja. Nilitaka kupumzika. Miezi michache tu, halafu ningezeeka kwa hiari yangu."

Siku ya tatu ya Tết aliimba. Walimpaka poda, wakamvalisha joho jekundu, akasimama katikati ya vibanda akazichomoa karata moja moja. Ubeti wa pili haukumshinda. Aliwatania waliokaa vibandani, akawafumbia majina ya karata wakapiga kelele wakikisia, akawaacha wakosee kwanza. Kỉnh alikuwa amesimama nyuma ya watu, karibu na yule muuza vikate. Nilimsogelea nikamwona midomo imebana.

"Miaka arobaini," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Sauti hii hakuwahi kuileta nyumbani."

"Uliwahi kumwomba?"

Alinitazama kwa hasira, akaondoka kabla mchezo haujaisha.

Wiki tatu baada ya Tết alikuja kumwomba arudi. Hakuleta zawadi. Alisimama uani kwangu na mikono yake ile ya mabaka ameifungia mbele kama mshitakiwa.

"Sina cha kusema," akasema. "Nilifanya. Kila siku nilikuona unapaka, nikanyamaza."

"Ungenipiga ningeelewa haraka zaidi," Dada Lựu akamwambia. "Ningeona mkono unakuja."

Kỉnh akatikisa kichwa. Mwishowe Dada Lựu akasema, "Nitarudi, kwa sababu nyumba ile ni yangu pia. Nitaendelea kuimba. Usinifuate ukumbini."

"Nitaona wivu."

"Ona. Uonee nyumbani, na uniambie. Usiufanyie kazi."

Akarudi. Sitasema mambo yakawa kama zamani. Mwaka mzima alilala kwenye kitanda cha Thục, na chakula alimpakulia kwa heshima, kama anavyopakuliwa mgeni. Mabaka yalififia kiasi, hayakuisha. Daktari alisema wangoje kabla ya kuchoma tena, na yeye akasema hatachoma tena. Sasa ananunua krimu mwenyewe, anaipaka kwa ajili ya yaliyobaki, na mchana anatembea na kofia yake ya majani. Mwavuli wa Hoài bado anatembea chini yake wakati mwingine, na wala hajifichi.

Mwezi uliopita kikundi kilialikwa kuimba mjini Tuy Hòa, kaskazini kwetu, siku nne. Siku ya kwanza Kỉnh alikuja dukani asubuhi, akaja mchana, akaja alasiri. Hakunywa chai. Alipanga chupa zangu za mchuzi wa samaki kwenye rafu, zikiwa tayari zimepangwa.

"Basi linarudi lini, shemeji?"

"Siku ya nne. Nimekwambia asubuhi."

"Wanalala wapi?"

"Kwenye nyumba ya wageni. Wanawake chumba kimoja, wanaume kingine."

"Umejuaje?"

"Dada aliniambia. Analala na mama wa Xuyến, yule anayekoroma mpaka kuku wanaamka."

Akacheka kidogo. Kisha kicheko kikamwishia. Akasimama mlangoni akitazama barabara inayokwenda kaskazini, macho yamekazwa.

"Atakuwa anaimba sasa hivi?"

"Labda."

"Na watu wanamsikiliza."

"Ndiyo, shemeji. Wanamsikiliza."

Akavuta pumzi, akachukua reki yake iliyoegemezwa ukutani, akaenda majaruba, ingawa jua lilikuwa bado kali na chumvi ya siku ile ilikuwa imeshakusanywa.